Maoni Yetu: Dawa ya magugu ipimwe kwa shamba letu

Mabishano kuhusu dawa za magugu Afrika Mashariki yana pande mbili, na hazisikilizani. Upande mmoja unasema dawa hizi zinatuua polepole, kwa hiyo zipigwe marufuku zote. Upande wa pili unasema bila dawa hakuna mavuno, na anayezipinga hajawahi kushika jembe. Sisi tunaona wote wameliruka swali lenyewe. Je, mkulima wa kwetu anaweza kuitumia dawa hii bila kudhurika, kwa bomba alilonalo, nguo alizovaa na jua linalompiga? Ikiwa anaweza, isajiliwe na isimamiwe. Ikiwa hawezi, isisajiliwe, hata kama kwingineko inasifiwa.

Kigezo hiki hatukukibuni sisi. Kimo katika Kanuni ya Kimataifa ya Maadili ya Usimamizi wa Viuatilifu, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliipitisha kwa mara ya kwanza mwaka 1985, na ambayo sasa linaisimamia pamoja na Shirika la Afya Duniani, WHO. Kifungu cha 3.6 kinasema viuatilifu vinavyomlazimu mtumiaji kuvaa vifaa vya kujikinga vyenye karaha, vya bei ghali au visivyopatikana kwa urahisi viepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na vibarua wa mashambani katika nchi za joto. Hao ni watu wetu. Lakini kanuni hiyo ni ya hiari, na jambo la hiari halimzuii mwenye kutafuta faida. Tunataka iwe sheria, Tanzania, Kenya na kwa majirani zetu wote wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Mkulima wa ekari moja anakwenda duka la pembejeo akiwa na pesa ya robo lita. Rafuni kuna chupa ya lita nzima, imefungwa na ina lebo. Muuzaji anaifungua, anammiminia kiasi chake kwenye chupa ya maji ya kunywa, anakaza kizibo na kumwambia, "Vifuniko vitatu kwa bomba." Lebo imebaki dukani. Shambani maji yaliyo karibu ni ya mtaro, yana tope. Udongo hushika baadhi ya dawa hizi na kuzipunguzia nguvu, kwa hiyo majani hayakauki vizuri, na safari ijayo mkulima anaongeza vifuniko viwili. Bomba la lita 16 limekaa mgongoni, mpira wa mfuniko umechakaa, dawa inachuruzika hadi kiunoni. Amevaa fulana, suruali iliyokunjwa na kandambili. Glavu, miwani, barakoa na ovaroli zinazotajwa kwenye lebo hazipo. Hata zingekuwapo, saa sita mchana Kilosa au Kitui hakuna awezaye kuzivaa zote akamaliza ekari.

Mkulima huyu si mzembe. Anafanya kile ambacho duka, bei na hali ya hewa vinamruhusu. Mwaka 2007 Dk. Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Karibu theluthi moja ya wakulima hao walikuwa wakichanganya viuatilifu zaidi ya kimoja ndani ya bomba, na hapakuwa na maelekezo yoyote juu ya michanganyiko hiyo, si kwenye lebo, si kutoka kwa maafisa ugani. Watu walijiongoza wenyewe kwa sababu hakuna aliyewaongoza. Sheria inayoandikwa kana kwamba kila mpulizaji ana mafunzo, ovaroli na maji safi inamhudumia mtu ambaye hayupo.

Hatusemi hivi kwa kuidharau kazi ya palizi. Mahindi yakizidiwa na majani katika wiki zake za mwanzo hayanyanyuki tena vizuri, hata ukiyamwagia mbolea. Palizi ya kwanza na ya pili ni kazi ya mgongo uliopinda, na katika nyumba nyingi mgongo huo ni wa mama na watoto wake, siku ambazo watoto wangekuwa darasani. Vijana wamehamia mjini na vibarua wamepanda bei. Ndago ukiikata kwa jembe huchipua upya kutoka kwenye vitunguu vyake ardhini. Wakulima wa kilimo hifadhi, wasiotifua ardhi ili kutunza unyevu, wengi wanaitegemea dawa ya magugu kusafisha shamba kabla ya kupanda. Anayetaka dawa zote ziondoke kesho asubuhi awaambie watu hawa nani atakuja kulima.

Ndiyo maana ni kosa kuzizungumza dawa hizi kama kitu kimoja. Tuchukue tatu zinazojulikana. Kila moja ina hatari yake, na kila moja inastahili hukumu yake.

Ya kwanza ni parakwati, iliyoingia sokoni mwaka 1962 kwa jina la Gramoxone. Mkulima anaipenda kwa kasi yake: ukipulizia asubuhi, jioni majani yameshanyauka. Lakini funda moja la dawa ambayo haijachanganywa na maji linatosha kumuua mtu mzima. Mapafu huivuta sumu hiyo na kuikusanya, kisha hujaa makovu hadi pumzi inakatika, na mgonjwa anaweza kuteseka kwa siku au wiki akiwa na akili zake timamu. Dawa ya kuipooza haipo mpaka leo. Zamani ilikuwa na rangi nyeusi kama soda, watu wakainywa kwa bahati mbaya. Watengenezaji wakaongeza rangi ya bluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha. Nyongeza hizo hazikuondoa hatari. Sweden iliipiga marufuku mwaka 1983 na Uswisi mwaka 1989. Mwaka 2007 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilifuta kibali chake katika nchi wanachama. Brazili na Thailand ziliiondoa mwaka 2020, na China, ambayo inaitengeneza kwa wingi, imewakataza wakulima wake.

Ukiiweka parakwati mbele ya kifungu cha 3.6, haipiti. Inahitaji mavazi ambayo mkulima hana, katika joto ambalo hayavaliki, na kosa moja la kuihifadhi kwenye chupa ya soda halirekebishiki. Popote ilipobaki kwenye orodha za usajili Afrika Mashariki, ifutwe. Palipokwisha kufutwa, wakaguzi wahakikishe haivuki mpaka ndani ya mizigo ya mbegu na mbolea.

Ya pili ni atrazini, inayotumiwa na wakulima wa mahindi. Haiui kwa funda. Swali lake ni la maji, kwa kuwa hupenya ardhini na kufika kwenye visima. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2004 kwa sababu ilikuwa ikionekana katika maji ya ardhini kupita kikomo cha mikrogramu 0.1 kwa lita, kikomo ambacho Ulaya imekiweka kwa kiuatilifu chochote. Marekani inaendelea kuitumia, na kikomo chake katika maji ya kunywa ni mikrogramu 3. Mwongozo wa WHO unaruhusu 100. Kutoka 0.1 hadi 100 ni tofauti ya mara 1,000, na kila namba ina mantiki yake: Ulaya haitaki kiuatilifu ndani ya maji hata kidogo, wengine wanakadiria kiasi kinachoweza kumdhuru mnywaji. Sisi tumechagua namba ipi? Na nani anayepima visima vya vijiji vya Mbozi au Trans Nzoia, ambako mahindi yanalimwa mwaka hadi mwaka na maji yanachotwa hapo hapo? Atrazini isiongezewe muda wa usajili mpaka visima hivyo vipimwe na majibu yabandikwe kwenye ofisi za vijiji.

Ya tatu ni glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup, na hapa ndipo kelele zote zilipo. Inaua majani kwa kuzuia njia ambayo mimea huitumia kutengeneza baadhi ya asidi amino zinazojenga protini zake, njia ambayo haimo katika mwili wa mwanadamu. Ndiyo maana sumu yake ya papo hapo ni ndogo sana ikilinganishwa na parakwati. Lakini Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema hilo halielekei kuwa kweli, na mwaka 2016 jopo la pamoja la FAO na WHO likasema mabaki yake katika chakula hayaelekei kuleta saratani. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama California lilimpa fidia mtunza bustani wa shule aliyeugua saratani, na mwaka 2020 Bayer, iliyoinunua Monsanto, ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 10 kumaliza kesi nyingi za aina hiyo. Hata hivyo, mwaka 2023 Ulaya iliongeza kibali cha glaifoseti kwa miaka 10.

Msomaji akichanganyikiwa hapo, hana kosa. Wataalamu hawa walijibu maswali mawili tofauti. IARC liliuliza kama kitu hiki kina uwezo wa kuleta saratani. Nyama nyekundu nayo imo kundi hilo hilo. Mamlaka za usajili ziliuliza kama mtu atapata madhara kwa kiasi kinachomfikia kweli. Kwa mlaji wa ugali Dodoma au Nakuru kiasi hicho ni kidogo. Lakini mtu ambaye bomba limemvujia mgongoni msimu mzima anapata kiasi kingine kabisa, na mahesabu yaliyofanywa Ulaya na Marekani hayakumpima yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Huyo ndiye wa kuangaliwa kwanza, na ndiye asiyetajwa kabisa katika kelele za saratani.

Msimamo wetu juu ya glaifoseti ni kwamba ibaki, kwa masharti makali. Kuna kitu kinachochanganywa nayo ili ishike kwenye majani, kiitwacho POEA kwa kifupi, ambacho Ulaya ilikikataza ndani ya dawa hii mwaka 2016, nasi tukikatae. Isipuliziwe kwenye zao linalokaribia kuvunwa ili kulikausha haraka. Isimiminwe dukani.

Anayedhani kuchagua dawa moja moja ni woga aitazame Sri Lanka, ambako njia zote mbili zimejaribiwa. Kuanzia miaka ya 1980 nchi hiyo iliviondoa hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, ikamalizia na parakwati na vingine viwili kati ya mwaka 2008 na 2011. Vifo vya kujiua, ambavyo vingi vilitokana na sumu za shambani, vilishuka kutoka watu 57 kwa kila 100,000 mwaka 1995 hadi 17 mwaka 2015. Watafiti walipofuatilia mavuno hawakuona yakishuka kwa sababu ya marufuku hizo. Maelfu ya familia zina ndugu zao hai leo kwa sababu sumu ya kuua kwa funda moja haikuwa tena uvunguni mwa kitanda.

Nchi hiyo hiyo iliipiga marufuku glaifoseti mwaka 2015, kwa hofu ya ugonjwa wa figo ambao uhusiano wake na dawa hiyo haukuwa umethibitishwa. Mwaka 2018 ikalegeza kwa mashamba ya chai na mpira, na mwaka 2022 ikaiondoa marufuku hiyo. Katikati, mwaka 2021, serikali ilikataza kwa mara moja mbolea zote za viwandani na viuatilifu vyote kuingia nchini. Mavuno ya mpunga yakaanguka, na kabla mwaka haujaisha amri ikarudishwa nyuma. Marufuku iliyopimwa iliokoa watu na haikugusa chakula. Marufuku ya papara iligusa chakula, na haikudumu.

Kuna wanaotaka tuifuate Ulaya tu: ilichokataa yenyewe, nasi tukikatae. Tunaelewa hasira yao, na ina msingi. Uchunguzi wa asasi ya Public Eye na waandishi wa Unearthed, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa mwaka 2018 pekee viwanda vya Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani, viliarifu kusafirisha zaidi ya tani 81,000 za viuatilifu ambavyo wakulima wa kwao hawaruhusiwi kuvitumia, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa parakwati kutoka Uingereza. Kumuuzia jirani sumu unayomkataza mwanao ni dhuluma. Ufaransa imeanza kuizuia biashara hiyo kwa sheria tangu 2022. Wengine nao waizuie.

Kenya nayo imesogea. Mwaka 2019 mbunge Gladys Shollei alipeleka bungeni ombi la kuondoa viuatilifu hatari, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kufuta bidhaa kadhaa, kubana matumizi ya nyingine na kuwataka waombaji wapya wa usajili waonyeshe kwamba dawa yao inatumika katika nchi inakotoka. Tunaipongeza. Lakini kigezo cha nchi ya asili peke yake hakitoshi. Atrazini inatumika Marekani, kwa hiyo inapita. Na mkulima wa Marekani hupulizia akiwa ndani ya trekta lenye kioo na kiyoyozi. Kwa upande mwingine, dawa inaweza kukataliwa Ulaya kwa ajili ya mdudu au udongo ambao kwetu haupo. Tupokee taarifa za wenzetu, lakini hukumu itokane na vipimo vya hapa.

Hapa tunafika kwenye hofu ya wananchi, ambayo viongozi hupenda kuiita ujinga. Mama akinunua nyanya zenye ungaunga mweupe, anazisugua kwa chumvi na kumwambia jirani kwamba wakulima wanatuua na dawa ya magugu. Kwa kweli dawa nyingi za magugu zikiangukia mnyanya, mnyanya wenyewe hufa. Ungaunga ule mara nyingi ni dawa ya ukungu, iliyopuliziwa karibu mno na siku ya kuvuna. Amekosea jina la sumu, hakukosea kuuliza. Nani angemweleza? Maharage machanga ya Kenya yanayokwenda Ulaya yanapimwa mabaki. Mwaka 2013, baada ya kukutwa na mabaki yaliyozidi, Ulaya ilianza kupima shehena 10 katika kila 100, na sekta nzima ikalazimika kurekebisha upuliziaji wake. Nyanya za soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na soko la Wakulima, Nairobi, hazina ulinzi wa namna hiyo. Mlaji wa London analindwa kuliko mlaji wa Temeke, kwa zao lililotoka ardhi moja. Watu wasipopewa majibu ya maabara watapokea majibu ya WhatsApp, na hatuna haki ya kuwalaumu.

Kwa hiyo tunazitaka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na bodi ya PCPB inayosimamia viuatilifu Kenya, pamoja na wizara zao, zifanye haya.

Kwanza, kifungu cha 3.6 kiingizwe kwenye sheria kama sharti la usajili. Mwombaji athibitishe, kwa majaribio yaliyofanyika katika joto letu na kwa mabomba yetu, kwamba mkulima mdogo anaweza kuitumia dawa yake bila kudhurika. Akishindwa kuthibitisha, hapati kibali.

Pili, viwanda vilazimishwe kufunga dawa katika chupa ndogo za kutosha robo ekari na nusu ekari, zenye lakiri na lebo ya Kiswahili yenye herufi zinazosomeka. Muuzaji humimina kwa sababu chupa ni kubwa na pesa ya mkulima ni ndogo. Ukiondoa sababu hiyo, anayeendelea kumimina anyang'anywe leseni. Duka lililouza lipokee chupa tupu, na mteja arudishiwe kiasi cha pesa, ili chupa isirudi jikoni.

Tatu, vijana wanaopulizia mashamba kwa malipo watambuliwe, wafundishwe na wapewe leseni na vifaa. Ni rahisi zaidi kumvika vizuri mtu mmoja anayehudumia mashamba 40 kuliko kuwavika wenye mashamba wote, na huyo ndiye anayeguswa na sumu mara nyingi kuliko wote, kwa hiyo apimwe afya kila mwaka.

Nne, mabaki ya viuatilifu yapimwe kwenye masoko ya ndani na majibu yatangazwe kila mwezi, kwa jina la soko na la zao. Orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa, vilivyofutwa na sababu zake iwe wazi kwa Kiswahili.

Watasema fedha hazipo. Lakini kila lita inayoingia nchini inalipiwa ada, na mwenye kuingiza sumu kwa faida ndiye anayepaswa kulipia kipimo chake. Gharama ya kutopima tunaijua pia. Mwaka 1986 Tanzania ilipokea msaada wa tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imekwisha muda, vikalundikwa katika shamba la serikali la Vikuge, Kibaha. Sumu ikaingia ardhini, na miaka mingi baadaye watafiti walikuwa bado wanaikuta katika udongo na maji ya eneo lile. Kukataa mzigo ule bandarini kungegharimu karatasi moja.

Mawaziri wa kilimo waweke ndani ya bajeti zijazo fedha za maabara na wakaguzi, wapeleke kifungu cha 3.6 bungeni, na kazi ianze kwa kuifuta parakwati popote ilipobaki, kabla ya palizi ya msimu ujao.